Setilaiti zaihesabu theluji ya Rwenzori, mabonde yangali yakingoja onyo

Barafu iliyofunika milima sita ya safu ya Rwenzori mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sasa imebaki katika eneo lisilofika nusu ya kilomita moja ya mraba. Kipimo hicho kimetokana na picha za setilaiti za mwaka 2021 na 2022, zilizochambuliwa na watafiti wa vyuo vikuu kadhaa na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2024.

Kwa mujibu wa uchambuzi huo, Kilimanjaro imebakiwa na barafu isiyofika kilomita 1 ya mraba, Rwenzori kilomita 0.38 na Mlima Kenya kilomita 0.07, eneo linalokaribia viwanja 10 vya mpira wa miguu. Kwa jumla Afrika Mashariki ina takriban kilomita 1.4 za mraba za barafu ya kudumu, chini ya asilimia 10 ya ile iliyopimwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hakuna mahali pengine barani Afrika penye barafu ya namna hiyo.

Takwimu hizi zimekuwa zikipokelewa na wengi kwa tafsiri moja: barafu ikiisha, mito itakauka. Tafsiri hiyo ni nyepesi kueleweka, lakini vipimo vya mito ya Rwenzori haviiungi mkono. Hatari iliyo karibu zaidi na wakazi wa Kasese upande wa Uganda, na wa Mutwanga upande wa Kongo, ni maji kuja kwa wingi na kwa ghafla. Katika jambo hilo, utaalamu uleule wa setilaiti uliohesabu barafu kwa usahihi mkubwa bado haujawafikia wanaoishi kandokando ya mito.

Namna setilaiti inavyoitambua theluji

Setilaiti haiwezi kuitambua theluji kwa weupe wake pekee, kwa kuwa mawingu nayo ni meupe. Vihisi vyake hulinganisha mwanga wa kijani, ambao theluji huurudisha kwa wingi, na miale ya infraredi ya mawimbi mafupi, ambayo jicho la mwanadamu haliioni. Theluji huimeza miale hiyo, ilhali mawingu mengi huirudisha. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ikigawanywa kwa jumla yake hutoa namba iliyo kati ya -1 na 1. Kwa kawaida, sehemu ya picha inayozidi 0.4 huhesabiwa kuwa na theluji.

Kifaa kinachoitwa MODIS, kilichorushwa na shirika la anga za juu la Marekani, NASA, ndani ya setilaiti ya Terra mwaka 1999, kimekuwa kikitoa ramani ya theluji ya dunia nzima kila siku kwa njia hiyo. Ramani hizo zimewasaidia sana wanaofuatilia Himalaya na milima mingine mikubwa, ambako theluji ya majira ya baridi hutanda maelfu ya kilomita za mraba kabla ya kuyeyuka na kujaza mito.

Kwa Rwenzori hali ni tofauti. Kila pikseli ya ramani hizo ina upana wa mita 500, na barafu yote iliyobaki katika safu hiyo haifiki ukubwa wa pikseli mbili. Watafiti hulazimika kutumia picha zenye uwezo wa kuonyesha vitu vidogo zaidi: zile za Landsat za Marekani, ambazo pikseli yake ni ya mita 30, na zile za Sentinel-2 za Ulaya, zinazoshuka hadi mita 10 na kurudi juu ya eneo lilelile kila baada ya siku tano.

Hata hivyo, kurudi kila baada ya siku tano hakumaanishi kuona kila baada ya siku tano. Rwenzori hufunikwa na mawingu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Setilaiti za rada, kama Sentinel-1 iliyoanza kazi mwaka 2014, hupenya mawingu, lakini kuta za miamba na makorongo yenye mteremko mkali huficha sehemu ya kile kinachotafutwa.

Ugumu mwingine ni kutofautisha theluji na barafu. Katika nchi za tropiki hakuna majira ya baridi yenye theluji ya miezi kadhaa. Theluji huweza kuanguka usiku na kutoweka kabla ya adhuhuri, ilhali barafu ya kudumu imejengwa kwa karne nyingi. Picha iliyopigwa asubuhi baada ya theluji mpya itaonyesha barafu kubwa kuliko ilivyo. Ndiyo maana watafiti huchagua picha chache tu, zilizopigwa baada ya siku kavu na anga ikiwa wazi, na kwa milima hii huweza kusubiri mwaka mzima kupata moja inayofaa.

Yaliyoonekana tangu 1906

Kumbukumbu ya kwanza ya kuaminika ilitokana na msafara wa Mwitalia Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, mwaka 1906. Ramani za msafara huo, pamoja na picha za Vittorio Sella, zimewawezesha watafiti wa baadaye kukadiria kwamba wakati huo Rwenzori ilikuwa na barafu ya kilomita za mraba kati ya 6 na 8. Barafu hiyo ilikuwa katika milima sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia.

Mwaka 2006, watafiti wa Uingereza na Uganda walilinganisha picha za Landsat za miaka tofauti. Waligundua kwamba barafu hiyo ilipungua kutoka takriban kilomita 2 za mraba mwaka 1987 hadi karibu kilomita 1 mwaka 2003, na ilibaki kwenye milima mitatu tu. Walionya kwamba mwenendo huo ukiendelea, barafu ingetoweka ndani ya miongo miwili. Miongo hiyo ilipokaribia kutimia, barafu ilikuwa haijaisha, lakini iliyobaki haikufika nusu ya ile ya mwaka 2003.

Msafara wa taasisi ya Project Pressure, uliofanywa kwa ushirikiano na UNESCO na mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, ulieleza mwaka 2024 kwamba barafu ya Mlima Stanley ilikuwa imepoteza asilimia 29.5 ya eneo lake tangu mwaka 2020. Barafu ya Mlima Baker ilihesabiwa kuwa imekwisha, na katika Mlima Speke yalibaki mabaki yasiyosogea tena. Barafu inapoacha kusogea, haihesabiwi kuwa hai kitaalamu: ni rundo linalosubiri kuyeyuka.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu hali ya tabianchi barani Afrika kwamba barafu za Afrika Mashariki huenda zikaisha katika miaka ya 2040, na ile ya Mlima Kenya ikatangulia.

Joto au ukame?

Wataalamu hawajawahi kuafikiana kikamilifu kuhusu chanzo. Waandishi wa utafiti wa mwaka 2006 waliegemea ongezeko la joto la hewa. Muda mfupi baadaye, wataalamu wa Innsbruck nchini Austria, ambao wamechunguza Kilimanjaro kwa miaka mingi, walijibu kwamba hewa ya Afrika Mashariki ilianza kuwa kavu zaidi tangu mwishoni mwa karne ya 19, na kwamba ukavu huo una uzito mkubwa katika kupungua kwa barafu.

Hoja hizo mbili hukutana katika theluji. Theluji mpya hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na kwa hiyo huikinga barafu iliyo chini yake. Inapoanguka kwa uchache, au inapogeuka kuwa mvua kwa sababu hewa ina joto, barafu hubaki wazi, rangi yake hufifia kwa vumbi, nayo hunyonya joto la jua moja kwa moja. Kwa sababu hiyo, kufuatilia ni siku ngapi theluji imekaa juu ya barafu kuna manufaa kuliko kupima ukubwa wa barafu peke yake.

Kilimanjaro ina kituo cha hali ya hewa kilichowekwa mwaka 2000 juu ya barafu yake ya kaskazini, na barafu ya Lewis katika Mlima Kenya ni miongoni mwa zilizopimwa kwa muda mrefu zaidi katika nchi za tropiki. Rwenzori haijapata bahati hiyo. Kituo kiliwekwa karibu na barafu ya Elena mwaka 2006, lakini vipimo vya ardhini katika safu hiyo ni vichache mno vikilinganishwa na milima hiyo miwili. Picha ya angani bila kipimo cha ardhini huonyesha kilichopotea pasipo kueleza vizuri sababu yake.

Mito haitegemei barafu

Mwaka 2009, baadhi ya watafiti waliokuwa wameonya kuhusu kupungua kwa barafu ya Rwenzori walichapisha matokeo yaliyopata umaarufu mdogo kuliko onyo lao la kwanza. Walipima maji katika bonde la mto Mubuku, kuanzia karibu na barafu hadi chini ya mlima. Waligundua kwamba maji yanayotokana na kuyeyuka kwa barafu ni chini ya asilimia 2 ya maji ya mto huo unapofika chini, iwe masika au kiangazi.

Maelezo yake hayana ugumu. Rwenzori hupata mvua nyingi sana, na mvua hiyo huanguka zaidi kwenye misitu na kwenye vinamasi vya kuvumwani vilivyo chini ya vilele. Vinamasi hivyo, kama vile vya Bigo katika bonde la Bujuku, hunyonya maji kama sifongo na kuyaachia polepole. Ndivyo vinavyolisha mito inayoendesha mitambo ya umeme ya Mubuku, inayomwagilia mashamba ya mpunga na mahindi katika tambarare za Kasese, na hatimaye kuingia katika maziwa ya George na Edward, mto Semliki, Ziwa Albert na Nile.

Matokeo hayo yanabadilisha swali la kisera. Serikali inayoamini kwamba mito itakauka barafu ikiisha itaona hakuna la kufanya, kwa kuwa hakuna nchi ya eneo hili inayoweza peke yake kuzuia joto la dunia. Serikali inayofahamu kwamba mito inategemea misitu na vinamasi inayo kazi mbele yake: kuvilinda. Kupungua kwa vinamasi, kama kulivyo kupungua kwa msitu, huonekana katika picha zilezile za Landsat na Sentinel.

Hatari inayotoka juu

Mwezi Mei mwaka 2013, mto Nyamwamba ulifurika na kuporomosha mawe makubwa katika bonde la Kilembe hadi mji wa Kasese. Watu walipoteza maisha, nyumba na madaraja vilisombwa, na hospitali ya Kilembe iliharibiwa. Mwezi Mei mwaka 2020 mto huo ulifurika tena pamoja na mito mingine ya wilaya hiyo, na hospitali hiyohiyo ikapigwa kwa mara nyingine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu tukio la kwanza uligundua kwamba mvua haikuwa sababu pekee. Mapema mwaka 2012 moto uliteketeza uoto wa sehemu za juu za bonde la mto huo. Udongo uliobaki wazi haukuweza kuyazuia maji, na maporomoko ya ardhi yaliongeza mawe na tope ndani ya mto. Milima iliyozoea unyevu wa kudumu ilikuwa imekauka kiasi cha kuwaka.

Katika bonde hilo kuna hatari nyingine. Machimbo ya shaba ya Kilembe yaliacha kuzalisha mwaka 1982, lakini mabaki yake yenye shaba na kobalti yamerundikwa karibu na mto. Kila mafuriko humega sehemu ya marundo hayo na kuyapeleka mashambani na kwenye maji yanayotumiwa na watu.

Setilaiti zina uwezo wa kusaidia hapa, lakini kwa mipaka. Moto mkubwa wa mlimani hugunduliwa na vihisi vya joto na taarifa yake hutolewa bila malipo katika muda wa saa chache, kwa hiyo mamlaka ingeweza kujua kwamba bonde lililoungua litakuwa hatari kwa misimu kadhaa ijayo. Mvua pia hupimwa kutoka angani, lakini makadirio ya kwanza ya mpango wa kimataifa wa upimaji wa mvua unaoongozwa na Marekani na Japani hutoka takriban saa nne baada ya mvua kunyesha, na pikseli yake ina upana wa kilomita 10 hivi. Mto wenye mteremko kama Nyamwamba huwa umekwisha kufika mjini kabla ya taarifa hiyo.

Kwa hiyo setilaiti inaweza kutaja bonde lililo hatarini msimu huu, ila haiwezi kumwambia mkazi kwamba maji yanakuja usiku huu. Kazi hiyo ya pili inahitaji vipima mvua na vipima kina cha maji vilivyowekwa juu ya bonde, mtu wa kuvisoma au simu ya kutuma vipimo, na redio ya eneo yenye ruhusa ya kutangaza papo hapo.

Mpaka usioonekana kutoka angani

Kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, kiko juu ya mpaka wenyewe. Upande wa mashariki ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori ya Uganda, na upande wa magharibi ni Virunga, hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote barani. Zote mbili zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katika picha ya setilaiti ni mlima mmoja, theluji moja na wingu moja.

Ardhini mambo yamegawanyika. Sehemu kubwa ya tafiti za barafu, mito na mafuriko zimefanywa upande wa Uganda. Upande wa Kongo, mashambulizi ya waasi wa ADF katika wilaya ya Beni na operesheni za kijeshi dhidi yao zimefanya kazi ya utafiti mlimani kuwa ya hatari. Matokeo yake ni kwamba mabonde yanayoteremka kuelekea Mutwanga na Semliki yanajulikana zaidi kutoka angani kuliko kwa vipimo vya ardhini.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na nchi zote mbili ni wanachama wa Mpango wa Bonde la Nile, wenye makao yake Entebbe. Jijini Nairobi, kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali, RCMRD, kimekuwa kikishughulika na picha za setilaiti tangu miaka ya 1970. Picha za Landsat zimekuwa za bure tangu mwaka 2008, na za Sentinel zimekuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa maneno mengine, takwimu zipo, vyombo vya ushirikiano vipo, na gharama kubwa ya kurusha setilaiti imelipwa na wengine.

Kilichosalia ni sehemu ya mwisho ya safari ya taarifa. Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2022 lengo la kumfikishia kila mtu duniani tahadhari ya mapema ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Katika Rwenzori, lengo hilo maana yake ni vipima maji vichache katika kila mto mkubwa, makubaliano ya kupeana vipimo kuvuka mpaka, na tahadhari iliyoandikwa kwa Kikonzo, Kinande na Kiswahili badala ya kubaki katika Kiingereza au Kifaransa cha ripoti. Onyo lisiloeleweka na anayelala kando ya mto ni sawa na onyo ambalo halikutolewa.

Kinachopotea kisichopimwa

Kusema kwamba mito haitegemei barafu si kusema kwamba kupotea kwake ni jambo dogo. Kwa Wakonzo wa Uganda na ndugu zao Wanande wa Kongo, theluji ya vilele vile ni makao ya Kithasamba, na jina la ufalme wa Rwenzururu limetokana na theluji hiyo. Waongoza watalii wa Kasese nao wamejenga riziki yao juu ya wageni wanaokuja kuona barafu karibu na mstari wa ikweta. Hasara hizo mbili hazimo katika jedwali lolote la kilomita za mraba.

Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kuhifadhi Barafu za Milimani, na Machi 21 sasa ni siku ya kila mwaka ya kuzikumbuka. Kwa Rwenzori, uhifadhi huo umechelewa. Barafu yake itaendelea kupigwa picha mpaka iishe, na tarehe ya kuisha kwake huenda ikajulikana kwa usahihi wa siku chache.

Swali lililo mikononi mwa Kampala, Kinshasa na majirani zao ni tofauti, na lina muda mfupi zaidi. Tarehe hiyo ya Machi 21 huangukia mwanzoni mwa msimu wa mvua katika mabonde ya Nyamwamba na Mubuku. Mafuriko ya 2013 na ya 2020 yalitokea mwezi Mei, wiki chache tu baada ya tarehe kama hiyo.